Kitanda cha mtoto: tushushe matela kabla mtoto hajasimama

LUBUTU. – Kitanda kile kilitoka Kisangani juu ya kamio, kilometa karibu 240 za barabara, kimefungwa kamba katikati ya mifuko ya chumvi na mabati. Kilikuwa kitanda cha kweli cha mtoto, kilichokwisha kulaza watoto wengine kule Ulaya: pande nne za vijiti, matela ndogo, miguu ya rangi nyeupe. Baba, mwenzetu wa sendika, alikinunua kwa furaha ya kupata mtoto mwanaume kisha wasichana watatu. Majirani walikuja kukiangalia kama vile watu wanavyokuja kuangalia pikipiki mpya.

Hakuna karatasi ya maelezo iliyokuja nacho. Kwa ndani ya kila mguu kulikuwa matundu matatu, moja juu ya lingine. Kati yetu wote hakuna aliyeuliza matundu yale ni ya nini. Fundi alifunga ubao wa matela kwenye matundu ya juu kabisa, sababu mama alikuwa ametoka kuzaa kwa kupasuliwa na hakuweza kuinama. Siku ile ilikuwa vizuri kabisa.

Miezi minane kisha, saa nne ya asubuhi, mtoto alishika ukingo, akajivuta, akasimama. Ukingo ulimfikia kitovuni. Dada yake wa miaka 11, aliyebaki kumchunga, alikuwa uani anaosha sahani. Alisikia kishindo kimoja tu juu ya simiti.

Mtoto yuko mzima, tumshukuru Mungu. Alilala hospitali siku mbili, kichwa kimevimba, mama hakufumba jicho. Lakini sisi tuliokwenda kumwona na bahasha ya mchango tulirudi na aibu. Sisi ni watu wa mine. Shimo likizidi kushuka, tunaongeza nguzo za mbao. Mtu akisema nguzo za mita tano zitatosha ku mita kumi, hakuna anayemfuata. Na hapa, ndani ya nyumba ya mwenzetu, mtoto alikuwa anakua kila siku, na hakuna mtu aliyegusa mbao. Tena dada yake ndiye aliyepigiwa kelele. Alikosa nini, yeye? Ni sisi wakubwa tuliopita kando ya kitanda kile miezi minane.

Njo maana tunaandika maneno haya. Si ya kitanda kimoja tu.

Matundu matatu

Kitanda cha mtoto kilichotengenezwa vizuri hakina kimo kimoja. Ubao unaobeba matela unapanda na kushuka, mara nyingi kwa ngazi mbili au tatu.

Ngazi ya juu ni ya mtoto mchanga. Hawezi kujigeuza, hawezi kukaa. Ngazi hii haikuwekwa kwa ajili yake, iliwekwa kwa ajili ya mgongo wa mama, ili amlaze na kumwinua bila kujipinda. Mwanamke aliyepasuliwa anajua bei ya kila kuinama.

Ngazi ya katikati ni ya mtoto aliyeanza kujigeuza na kujisukuma kwa mikono. Tusingoje akae peke yake. Siku anapoinua kifua na kuanza kujiviringisha, ngazi ya juu imekwisha kazi yake.

Ngazi ya chini ni ya mtoto anayetaka kujivuta asimame. Hapa pia, mbao zishuke kabla hajasimama. Akisimama mara ya kwanza, akute ukingo uko juu ya kifua chake. Kama uko tumboni, kichwa chake, ambacho ni kizito ukikilinganisha na mwili wake mdogo, kitamvuta upande wa pili.

Watu wa Ulaya wameandika vipimo vyao katika kanuni inayoitwa EN 716. Inadai kwamba ngazi ya chini iwe na angalau sentimeta 60 kutoka ubao wa kulalia hadi ukingo, na ngazi ya juu angalau sentimeta 30. Lakini angalieni neno moja: vipimo hivi vinaanza ku ubao, si ku matela. Ukiweka matela ya sentimeta 10, kizuizi kinabaki 50 chini na 20 juu. Ukiweka matela ya musi ya sentimeta 20, kwa kumpenda mtoto alale pa laini, umemwondolea sentimeta 10 za ukuta wake. Umempandisha ngazi bila kujua. Na ile laini yenyewe ni hatari ingine: mtoto mchanga akigeuka uso chini katika matela inayozama, anaweza kukosa pumzi. Matela ya mtoto iwe nyembamba na ngumu, na ijae kitanda: kati ya matela na vijiti, vidole viwili visipite.

Tusihesabu miezi peke yake

Wazazi wanatuuliza: basi ni mwezi wa ngapi? Tungependa kujibu kwa nambari moja, lakini nambari ile njo inayotudanganya.

Mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa matokeo ya uchunguzi juu ya watoto wa nchi tano: Ghana, Uhindi, Norway, Oman na Marekani. Waliangalia ni umri gani mtoto mwenye afya anaanza kukaa, kutambaa, kusimama, kutembea. Kukaa bila msaada: kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama kwa kushikilia kitu: kati ya miezi 4.8 na 11.4. Soma tena nambari hii ya pili. Mtoto mmoja anasimama kwa kushikilia kabla ya kutimiza miezi mitano, mwingine anangoja hadi karibu na mwaka, na wote wawili wako sawa, hakuna mgonjwa.

Kwa hiyo jirani akikuambia «wa kwangu alisimama ku mwezi wa tisa, wewe uko na wakati», amekuambia habari za mtoto wake, si za wako. Kalenda ya kweli iko ndani ya kitanda. Angalia mikono yake. Akianza kushika vijiti na kuvuta, shuka siku ile ile. Usiseme «Jumapili, nikipumzika». Mtoto hajui Jumapili.

Kuna jambo lingine linalotuchelewesha, nalo ni haki tuliseme: ngazi ya chini inaumiza mgongo. Mama anayebeba maji, kuni na mara ingine mfuko wa mchanga wa kasiterite, jioni hataki kuinama tena hadi chini kumchukua mtoto wa kilo nane. Anaacha matela juu, na tunamwelewa. Dawa yake si kuacha matela juu. Dawa ni kupiga magoti kidogo badala ya kupinda mgongo, kumvuta mtoto karibu na kifua kwanza ndipo kumwinua. Na dawa kubwa zaidi ni baba, kama yuko nyumbani. Yule anayeinua kilo 50 kule karierini hashindwi na kilo nane za mtoto wake.

Kazi ya nusu saa

Kushusha matela si kazi ya fundi mkubwa. Sisi tunaifanya hivi, watu wawili.

Kwanza, mtoto atoke ndani, na kila kitu kitoke: matela, nguo, mito. Mmoja anashika ubao chini, mwingine anafungua buloni. Buloni nyingi za vitanda hivi tunazozikuta hapa zinafunguliwa na funguo ya 13 au na turnevisi. Ziweke ndani ya kikopo, usiziweke chini. Buloni moja ikipotea, watu wetu wanaweka msumari au waya mahali pake, na hapo njo mahali kitanda kitakapovunjika.

Shusha pembe zote nne ku ngazi moja. Inaonekana ni neno la mchezo, lakini tumekuta kitanda kimoja pembe tatu zimeshuka na moja imebaki juu, mtoto anaviringika usiku kucha kuelekea pembe ile ya chini. Chukua chupa ya maji yenye nusu, ilaze juu ya ubao, uangalie maji. Sisi wa mine tunajua kazi hii.

Kaza. Kisha tikisa kitanda kwa nguvu, sukuma ubao kwa mikono yako miwili na uzito wako. Kama kinalia, kaza tena. Rudi kukikaza kisha wiki moja, na kila mwezi, sababu mbao zetu zinakunywa unyevu wa mvua na kukauka, na buloni zinalegea peke yake.

Pima. Asiyekuwa na mita anatumia mkono wake: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha katikati, mtu mzima ana karibu sentimeta 45. Ku ngazi ya chini, kutoka juu ya matela hadi ukingo, mkono huo uingie wote na vidole viwili au vitatu viongezeke.

Mwisho, ondoa ngazi za uongo. Mto mkubwa, mfuko wa nguo, mwanasesere mnene: mtoto anayejifunza kusimama anapanda juu yake, na sentimeta ulizozipata zimepotea. Angalia pia kitanda kiko karibu na nini. Dirisha, waya wa plake ya jua, waya wa kuchaji telefone, kamba ya pazia: mkono wa mtoto aliyesimama unafika mbali kuliko tunavyofikiri. Waya ule unaweza kumzunguka shingo.

Na chandarua. Nchi yetu pamoja na Nigeria njo nchi mbili zinazohesabu wagonjwa wa malaria wengi kuliko zote duniani. Hakuna mtu wa Lubutu atakayesema tumlaze mtoto bila chandarua. Lakini ukishusha matela, chandarua kilichofungwa kwa kimo cha zamani kinabaki kinaning'inia, hakiingii tena chini ya matela, na mbu anapita. Kifungue, ukishushe nacho, ukichomeke tena pande zote, kikae kimenyooka, kisimlegeze mtoto usoni. Kushusha matela bila kushusha chandarua ni kutoka shimoni na kuingia mtoni.

Kwa mafundi wetu wa mbao

Tulikwenda kuona fundi mmoja mzee hapa mjini, aliyejifunza mbao katika atelie ya mine wakati mine zilikuwa bado na atelie. Tulimwonyesha matundu matatu. Alicheka, akasema: «Munaleta hii kama vile ni siri ya Wazungu. Ni matundu tu. Mutoto anakomala, kitanda kinashuka. Nani alinikatalia kutoboa?»

Basi tulikaa naye na mita, na hii njo hesabu tuliyotoka nayo. Ukingo wa juu uwe sentimeta 95 kutoka chini. Matundu ya kwanza yapokee ubao ku 65, ya pili ku 50, ya tatu ku 35. Hivyo, na matela ya sentimeta 10, mtoto ana kizuizi cha 20, kisha 35, kisha 50.

Nafasi kati ya kijiti na kijiti isipite sentimeta 6. Wamarekani waliweka kipimo hicho katika sheria yao tangu miaka ya 1970, sababu mwili wa mtoto ulikuwa unapita na kichwa kinabaki. Asiye na mita achukue kikopo cha Coca: kikipita kati ya vijiti viwili, kitanda kile hakifai.

Buloni na ekru zake, si misumari. Msumari ukiung'oa mara mbili, tundu limekwisha. Kwa limbali, fundi alituonya kwamba ni mbao ngumu, tena nzito, inapasuka ukiigongea karibu na ncha, itobolewe kwanza. Kambala inafanya kazi vizuri. Nguzo za pembe zisitokeze juu ya ukingo, nguo ya mtoto inaweza kunasa hapo. Na ukingo usipakwe rangi ya kopo usilolijua: mtoto anayeota meno anaula ubao.

Neno moja juu ya vitanda vinavyotoka Ulaya na Marekani. Kuna aina ambayo upande wake mmoja unateremka na kupanda, ili mama asiiname. Huko Marekani, tangu tarehe 28 Juni 2011, ni marufuku kuvitengeneza na kuviuza, kwa sababu upande ule ulikuwa unachomoka, mtoto ananaswa kati yake na matela, na kuna waliokufa. Vitanda kama vile ni vya zamani, na vitu vya zamani njo vinavyofika kwetu. Ukikikuta sokoni, usinunue. Kama unacho nyumbani, fundi aufunge upande ule kwa buloni, usiteremke tena milele.

Na sisi wengine?

Tunajua munachosema: kitanda cha mtoto ni cha wangapi hapa Lubutu? Ni kweli. Katika nyumba nyingi, na katika vibanda vya kariere zaidi, mtoto analala na mama yake, kitanda kimoja, chandarua kimoja. Lakini sheria ya matundu matatu inawahusu hata wao, labda kuliko wengine, kwa kuwa kitanda cha wakubwa hakina ukingo kabisa.

Watu wanafanya nini? Wanasukuma kitanda ukutani. Lakini kitanda kinasogea usiku, na kati yake na ukuta kunafunguka ufa ambao mtoto anaingia na hawezi kutoka. Wanaweka kiti upande wa pili. Mtoto anakishika, kiti kinamwangukia. Wanamzungushia mito. Kwa mtoto mchanga mto ni hatari ya pumzi, kwa mtoto mkubwa ni ngazi.

Kinachofaa ni kile kile: kushusha. Mtoto akianza kujiviringisha, usingizi wake wa mchana, wakati mama hayuko pembeni, usiwe tena juu ya kitanda. Tandika mbao au vijiti vilivyofungwa, vimo vidole vitatu au vinne juu ya ardhi kwa ajili ya unyevu na siafu, weka matela nyembamba juu, funga chandarua, chomeka pande zote. Akianguka kutoka hapo, ataanguka vidole vichache, atalia kidogo na kurudi kulala. Alazwe chali, kwa mgongo, hasa mchanga. Wengi wetu tulilazwa kwa tumbo na wazazi wetu waliambiwa ni vizuri. Waingereza walipoanza mwaka 1991 kuhubiri kulaza chali, vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua sana kwao.

Ngazi ile ya chini haikuombi hata franka moja ya kamio la Kisangani.

Wiki nane

Tuko sendika, kwa hiyo tutamaliza na neno la sendika. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mwanamke mfanyakazi likizo ya uzazi ya wiki 14: sita kabla ya kuzaa, nane kisha. Hesabuni pamoja nasi. Wiki nane ni miezi miwili kasoro. Mama anarudi kazini wakati mtoto bado yuko ngazi ya juu, hajui hata kujigeuza. Yote tuliyosema, kujiviringisha, kukaa, kujivuta, kusimama, yatatokea mama akiwa kazini, mbele ya macho ya dada wa miaka 11 au ya bibi asiyeona vizuri. Na kwa mama anayechekecha mchanga mtoni bila kandarasi, hata hizo wiki nane hana.

Sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Tunawaomba wakina mama waidai, na delege wetu wasione haya kuisimamia. Nusu saa ile si ya maziwa peke yake. Ni jicho la mama linalopita nyumbani na kuona kwamba mtoto ameanza kushika vijiti.

Kwa upande wetu, tumefanya kitu kidogo. Katika daftari ya mchango, kando ya jina la kila mwanachama aliyezaliwa mtoto, tumeweka safu moja: mwezi wa tatu, mwanachama wawili wanapita nyumbani, mwezi wa tano, wanarudi, mwezi wa saba, wanarudi tena. Wanaangalia mtoto amefika wapi na matela imefika wapi. Hawaendi kuhukumu mtu. Kama nyumba haina kitanda cha mtoto, wanasaidia kutandika mahali pa chini na kufunga chandarua. Mtoto akifikia sentimeta karibu 90 za urefu, au akianza kutupa mguu juu ya ukingo wa kitanda kilichokwisha shushwa hadi mwisho, tunamwambia baba: kitanda kimekwisha, sasa alale chini au ku kitanda kifupi, na hiki kipite kwa mtoto mwingine pamoja na buloni zake zote na karatasi yenye maelezo, imeandikwa kwa Kiswahili.

Kile kitanda cheupe bado kiko nyumbani kwa mwenzetu. Siku ile ile tuliyotoka hospitali, baba alikishusha hadi matundu ya tatu. Mikono ilikuwa inamtetemeka, tukamshikia ubao. Msichana wa miaka 11 alishika kikopo cha buloni. Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake, sababu kelele zile hazikuwa zake.

Funguo ya 13 iko kwa katibu wa sendika. Mwenye kuihitaji apite jioni aichukue, na airudishe.